Prodyuza alipwe kama fundi bomba au apewe mirabaha? Tuliomlilia Steve Albini tujadili

Mleta mada
Wakuu, Steve Albini alifariki Chicago tarehe 7 Mei 2024 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 61. Siku 10 baadaye ikatoka albamu mpya ya bendi yake, Shellac. Kwa asiyemfahamu: ndiye Mmarekani aliyewarekodi wanamuziki wa roki kama Pixies, PJ Harvey, na Nirvana kwenye albamu yao In Utero ya 1993. Kuitwa prodyuza hakutaka kabisa. Yeye ni mhandisi wa sauti, basi.

Kabla ya kurekodi In Utero aliwaandikia Nirvana barua kwamba alipwe kama fundi bomba: afanye kazi, apewe chake, aondoke. Akachukua dola 100,000 kwa mkupuo, asilimia ya mauzo, yaani mirabaha, akaikataa. Albamu ikauza mamilioni ya nakala. Kwake, nyimbo ni za bendi na wanunuzi ni wa bendi, sasa aliyerekodi aendelee kula kwa haki gani?

Kuna wanaosema maprodyuza wa Bongo waige. Napinga. Nirvana waliingia studio na nyimbo zao, magitaa yao, ngoma zao. Albini akatega maikrofoni na kuwasha mashine ya tepu (kazi ngumu, sibezi). Prodyuza wetu anatunga biti: kinanda, besi, ngoma, pengine hata kiitikio, msanii akiwa bado yuko kwenye daladala. Huyo ni mtunzi. Kumwambia aachie mirabaha kwa jina la Albini ni kumdhulumu.

Mchangiaji 1
Dola laki moja kwa kazi ya wiki mbili? Mbona hata mimi ningekuwa mwadilifu!

Mleta mada
Hahaha, haki yako mkuu. Ila bendi changa alizitoza kidogo, na zilirekodi kwenye studio ile ile ya wakubwa, Electrical Audio, aliyoifungua 1997. Msimamo wenyewe alikuwa nao kabla ya hela. Miaka ya 80 bendi yake ya Big Black haikuwa na meneja wala mwanasheria, na mpiga ngoma wao alikuwa mashine.

Mchangiaji 2
Tusimwoshe marehemu kupita kiasi. Bendi yake nyingine aliipa jina lenye neno la ubakaji, na aliandika mengi ya kuudhi watu kwa makusudi. Uzeeni alikiri hadharani kwamba alikosea, hilo nampa. Lakini "kujitegemea" kulimpa pia nafasi ya kutoulizwa na mtu.

Mchangiaji 3
Mimi natengeneza biti. Mleta mada unanitetea, asante, ila nachukua hela mkononi siku hiyo hiyo. Albini alikataa mirabaha ambayo ingemfikia. Mimi wimbo unapigwa redioni, kwenye mabaa, kwenye maharusi, na kwangu haijawahi kuingia hata shilingi. Kwa hiyo ufundi bomba kwangu si falsafa, ni kodi ya nyumba.

Mleta mada
Kaka, huwa mnaandikiana mgawanyo wa mapato kabla hamjarekodi?

Mchangiaji 3
Tuandikiane nini na mtu tuliyekua naye mtaa mmoja? Hata hao mnaowasifu walifanya kazi kwa kupeana mkono tu.

Mleta mada
Ni kweli. Touch and Go, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Chicago iliyotoa kazi za Albini, ilizoea kugawana faida na bendi nusu kwa nusu bila karatasi, na wengi walilipwa vizuri kuliko kwenye lebo kubwa. Lakini bendi yao mojawapo, Butthole Surfers, iliwashtaki, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba, kwa kuwa hapakuwa na muda uliokubaliwa, bendi ina haki ya kuvunja makubaliano na kuchukua albamu zake. Lebo ikazikosa. Na hao walikuwa wanalipana, kaka. Wewe ambaye hulipwi, siku wimbo wako ukiingia kwenye tangazo la simu utaonyesha nini?

Mchangiaji 3
Nina faili la biti lenye tarehe kwenye kompyuta. Linatosha?

Mleta mada
Hilo linaonyesha uliitunga. Mlikubaliana asilimia ngapi, halisemi. Wanasheria mliomo humu, msaidieni.