Nusu marathoni ya Kilimanjaro: siku 3 za kasi au siku 5 za pole?

Bwana_Tegeta
Wakuu, heshima zenu. Nimejiandikisha km 21 za Kilimanjaro Marathon, Februari kule Moshi. Mazoezi si mgeni nayo. Kila Jumamosi tuko na klabu yetu ya jogingi, tunapiga mchakamchaka na nyimbo mpaka Kunduchi na kurudi, ila haijawahi kuzidi km 10. Kazi yangu iko Posta, natoka nyumbani alfajiri, narudi usiku. Nina ratiba mbili mkononi na zinapingana.

Ya kwanza ni siku 3: Jumanne mita 400 mara 8 kwa kasi, Alhamisi km 6 hadi 8 za kujikaza, Jumapili mbio ndefu. Siku zilizobaki unapumzika. Ya pili ni siku 5, karibu zote mwendo wa pole, na Jumapili ndefu vilevile. Kwa mtu wa mshahara ipi inalipa? Lengo ni saa 2 na dakika 15. Nikimaliza kwa 2:30 sitalia.

Dada_wa_Kimara
Siku 3, kaka, wala usijiulize mara mbili. Hiyo ya siku 5 itakufa wiki ya tatu, ofisi itakapoanza kufunga mahesabu ya mwezi. Halafu kwa sisi wanawake kuna jambo ambalo ratiba hizi hazilisemi: saa kumi na moja alfajiri sikimbii peke yangu. Siku ninazopata mwenzangu ndizo siku zangu za mazoezi, basi. Zikiwa chache, kila moja iwe na kazi yake. Hata Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo 2025, yeye na Mjerumani Petros walipewa muda uleule, 2:09:48. Kilichompa ushindi ni kasi ya mita za mwisho.

Ugoko_Unauma
Dada, heshima yako, lakini jamaa hajawahi kuvuka km 10 na unampa mita 400 za kasi wiki ya kwanza? Pumzi huzoea haraka, ndani ya wiki chache tu unajiona simba. Mifupa ya ugoko na kano za kisigino zinachelewa sana, na hazikuambii mpaka zimeshaumia. Mimi nipo siku 5. Hata dakika 30 zinatosha, mradi zirudiwe.

Eldy_254
Habari zenu kutoka Eldoret. Hiyo kasi ya mwisho ya Simbu imekalia kilomita nyingi za pole, msisahau. Kule Iten, mji wa wanariadha hapa Kenya, Alhamisi kuna fatileki maarufu, yaani mbio za kubadilisha kasi, kundi kubwa kwenye barabara ya udongo mwekundu, dakika moja kali, dakika moja ya kulegeza. Ukiwaona siku hiyo utadhani wanaishi hivyo. Sasa waone asubuhi ya kulegeza mwili: wanaanza taratibu sana, wanapiga stori, hata mimi kitambi hiki naenda nao kilomita moja au mbili kabla hawajachangamka. Mtu wa marathoni ya 2:08 anakubali kukimbia hivyo, na sisi wa kawaida tunaona aibu kupitwa na mzee wa baiskeli. Bwana Tegeta, hizo mbio zako za pole ni dakika ngapi kwa kilomita?

Bwana_Tegeta
Kama 6:10 hivi. Kwenye kundi huwezi kubaki nyuma, wimbo unakuacha.

Eldy_254
Basi bado huna mbio za pole. Saa 2:15 kwa km 21 ni kama 6:24 kwa kilomita. Unafanya mazoezi kwa kasi kuliko siku ya mashindano yenyewe. Shuka hadi 7:15 au 7:30, uweze kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukifanya hivyo siku 5 hazitakuchosha.

Maskati_Usiku
Huku Maskati kiangazi tunakimbia baada ya Isha na bado ukuta wa joto uko palepale. Kwenye joto na unyevu moyo una kazi mbili, kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Kwa hiyo Dar ya Januari usiikimbilie saa, kimbilia pumzi. Ukirudi, kunywa maji na kula kitu chenye chumvi.

Mtu_wa_Mweka
Mnabishana siku 3 na 5, mmesahau mlima. Mimi ni wa hapahapa Moshi. Km 21 zinapanda kuelekea Mweka, kisha zinageuka na kushuka mjini. Kule juu hakuna kona moja ya kutisha useme umeimaliza. Ni kupanda kwa muda mrefu, migombani, watoto wanakupa mikono barabarani, na wageni kutoka pwani wanaanza kutembea wakiwa wametumia nguvu zote chini. Wengi wakigeuza wanafurahi, wanaachia breki. Hapo ndipo mapaja yanakwisha, kwa sababu ukishuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya kuzuia mwili kila hatua. Ukifika chini kwenye tambarare miguu inatetemeka.

Kwa hiyo siku yako moja ya nguvu isiwe mita 400. Tafuta kilima Goba au Pugu, panda kwa dakika 2 au 3, halafu ushuke ukikimbia kwa hatua fupi, usitembee. Mbio ndefu ongeza km 1 au 2 kila wiki, wiki ya nne punguza, ufike 18 wiki tatu kabla. Na viatu: ukinunua mtumba Karume bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu imeshakufa, hata kama juu inang'aa.

Bwana_Tegeta
Nimekata shauri, siku 4. Jumanne vilima Goba, Jumatano na Ijumaa pole ya 7:20, Jumapili ndefu. Jumamosi nitawaaga wenzangu wa nyimbo kwa muda.

Dada_wa_Kimara
Goba Jumanne, na Jumatatu usiku utakuwa umelala saa ngapi wewe? Hamishia Jumamosi, ukapande vilima na hao wenzako. Hata kuimba watashindwa.