Pikapu ya mkulima mwenye fedha za kubana: Hilux ya 2KD au D-Max ya 4JK1?

MTOA MADA

Ndugu zangu, naomba tuijadili hoja ambayo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini huibuka kila viazi vinapokaribia kung'olewa. Mkulima amedunduliza fedha kwa misimu kadhaa na sasa anataka pikapu moja ya dizeli iliyotumika, ya kabini moja, ya kushusha magunia kutoka mashamba ya Makete hadi Njombe mjini. Gari jipya hawezi kulimudu. Mbele yake yako magari mawili: Toyota Hilux ya miaka ya 2005 hadi 2015, ambayo wengi huiita Vigo, yenye injini ya 2KD ya sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 2,494, na Isuzu D-Max yenye injini ya 4JK1 ya sisi 2,499. Zote zina turbo, na zote hutajwa kuwa za kubeba takriban tani moja, ingawa sote tunajua kinachopakiwa huwa ni zaidi ya hapo.

Washauri wake karibu wote humwambia achukue Toyota. Mimi namwambia achukue D-Max, na kwa kuwa najua nitapingwa, nitaanza na hoja ambayo wapinzani wangu huitegemea kuliko zote, yaani mafuta.

Inaaminika kwamba Hilux huvumilia dizeli mbaya na kwamba Isuzu ni ya kudekezwa. Nimejaribu kutafuta msingi wa imani hii ndani ya injini zenyewe na sijauona. Pampu ya shinikizo na nozo (vipulizia dizeli) za injini hizi mbili hutoka kwa kampuni moja, Denso ya Japani, na hufanya kazi kwa kanuni ileile: dizeli inasukumwa kwa shinikizo linalopita bar 1,500 ndani ya bomba moja la pamoja, kisha kompyuta inaamuru kila nozo ifunguke kwa muda mfupi mno. Pampu ya namna hiyo haina oili yake ya kuilainisha. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ndiyo maana mafuta ya taa yakichanganywa humo, vyuma huanza kusagana, na vumbi la chuma husafiri hadi kwenye nozo zote nne. Serikali ya Tanzania iliweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe, na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zinatakiwa kuingiza dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Hatua hizo zimesaidia, lakini haziwezi kujua lita iliyofika kijijini ndani ya dumu imepitia wapi, wala dumu hilo lilibeba nini wiki iliyopita. Dizeli hiyo ikiua pampu ya D-Max, itaua na ya Hilux.

Tofauti ya kweli iko kwenye taimingi, yaani mfumo unaozifanya vali zifunguke na kufunga kwa wakati sawa na mwendo wa pistoni. Injini ya 2KD hutumia mkanda. 4JK1 hutumia cheni. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali, na hapo unazungumzia kufungua silinda hedi nzima. Anayenunua gari jipya anaweza kuhesabu kilomita zake akabadilisha mkanda kwa wakati, lakini huyu wetu ananunua gari ambalo mita yake huenda imerudishwa nyuma, kutoka kwa mtu atakayeapa kwamba mkanda ulibadilishwa juzi. Cheni nayo huchoka, hasa oili ikicheleweshwa, ila mara nyingi hulia asubuhi injini ikiwa baridi, na mwenye masikio hupata muda wa kulipeleka gereji.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa injini za KD (familia ya hiyo 2KD) wanalifahamu vizuri. Vizibo vidogo vya shaba vinavyokaa chini ya nozo vikilegea, moshi wa mwako huingia kwenye oili, masizi hujikusanya chini ya injini na kuziba chujio la kunyonyea oili, na injini hukosa ulainisho pasipo kelele yoyote ya awali. Fundi makini akiletewa Hilux ya namna hii atashusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) aangalie kabla ya kuisifia.

Nimalizie na madalali wanaosema Hilux hizi "zimetoka Japani". Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirejesha hadi 2017. Angalieni namba ya chesisi: ikianza na MR0, gari limeundwa Thailand, ikianza na AHT, limeundwa Afrika Kusini. Si kasoro, kwani viwanda hivyo ni vizuri, lakini mtu asilipishwe bei ya hadithi. Jina la Toyota limekwishapandisha bei kiasi kwamba kwa fedha zilezile mkulima hupata D-Max changa zaidi, na umri wa gari ni jambo kubwa kuliko nembo yake.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, umeieleza injini vizuri, lakini mkulima hanunui injini peke yake. Mimi nafanya biashara ya mahindi Rukwa na nimemiliki magari yote mawili. D-Max yangu ilisimama siku kumi na moja kwa sababu ya kisoma-shinikizo kimoja kidogo kilichopaswa kuagizwa kutoka Dar es Salaam. Kikaja kisicho chenyewe, kikarudishwa, tukaanza upya. Siku hizo zote mahindi yalikuwa store na bei ikawa inashuka. Kwa Hilux, hata mji mdogo una duka lenye klachi, bushi, bearing na chujio, na kama hakuna kipya kuna cha kutoa kwenye gari lililokufa nyuma ya gereji. Huo mkanda unaotishia watu nao unauzwa kwa bei nafuu: nunua gari, badilisha siku hiyohiyo, andika tarehe kwa rangi ndani ya boneti, mambo yameisha.

Halafu umesahau siku ya kuuza. Mwanangu alipopata nafasi ya chuo, Hilux yangu iliondoka kwa siku mbili tu, tena mnunuzi hakuhangaika hata kufungua boneti aangalie. Kwa mtu asiye na akiba benki, gari ndilo akiba yenyewe. Hiyo bei ya juu unayoilalamikia, mzee wangu, hurudi mfukoni.

MCHANGIAJI WA PILI

Mnagombania magari mawili yenye ugonjwa mmoja. Mtafutieni huyo mkulima Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L, isiyo na turbo wala kompyuta. Itapanda mlima polepole, lakini itafika.

MTOA MADA

Nashukuru kwa michango. Kwa mchangiaji wa pili: 3L na 5L ni injini za kuheshimiwa na pampu zake za kizamani husamehe mengi, lakini nazo zina mkanda wa taimingi, na zilizobaki nzima zimekwishakuwa chache kiasi kwamba unanunua kutu ya chesisi pamoja na injini. Ukiipata iliyotunzwa, usiiache.

Kwa mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya spea imenigusa, na nakiri sikuipa uzito. Sikubali kwamba mkanda umekwisha kwa kuubadilisha tu, kwa sababu uvujaji wa oili mbele ya injini huweza kuuharibu kabla ya wakati, lakini siku kumi na moja za kusimama katikati ya msimu ni hasara ambayo cheni haiwezi kuifidia. Basi narekebisha ushauri wangu hivi: mkulima wa Njombe au Mbeya, ambako magari ya Isuzu ya mizigo ni mengi na kuna mafundi pampu wenye mashine ya kusoma hitilafu, achukue D-Max, wa kule ambako fundi wa karibu hana mashine hiyo, achukue Hilux, ashushe sampo, abadilishe mkanda na vizibo vya nozo kabla ya safari ya kwanza, na kila wiki afungue koki ya chini ya chujio la dizeli amwage maji.

Sasa naomba mwenye D-Max iliyopita kilomita 300,000 kwa cheni yake ya awali ajitokeze atueleze alikuwa anabadilisha oili kila baada ya kilomita ngapi.