Tupeane uzoefu: Ulikuwa unaona nini utotoni taa ikishazimwa?

Mama Pacha
Habari zenu wanajamvi. Mmoja wa wanangu, mwenye umri wa miaka saba, amekataa kulala kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "ukuta unakwenda mbali na mlango umekuwa mdogo". Hana homa, na mchana anacheza kama kawaida. Nimekumbuka kwamba mimi nami, nikifumba macho, nilikuwa naona vidoa vya zambarau na kijani vikijikusanya kuwa duara, kisha duara hilo linafifia katikati na jingine linaanza pembeni. Sikuwahi kumwambia mtu, kwani nilidhani kila mtu anaona hivyo. Naomba mwenye uzoefu wa namna hii atueleze.

Kunguru Mweupe
Vidoa vya zambarau nilikuwa navyo pia, na nikiyabonyeza macho kwa vidole vilizidi kuwa vya dhahabu. Ilikuwa ni sinema yangu ya bure.

Bundi wa Zamu
Maneno ya huyo mtoto yamenishtua, kwa sababu nilidhani yalinipata mimi peke yangu. Kwangu yalianza na mikono. Nikiwa nimelala chali, vidole vilihisi kunenepa hadi nikaona haviwezi tena kukunjika, huku kila kitu chumbani kikirudi nyuma na kusinyaa, ingawa kilibaki wazi na hata nyuzi za chandarua niliweza kuzihesabu. Usiku mbaya kuliko yote nilimtazama mdogo wangu aliyekuwa amelala kando yangu, nikamwona amekuwa mdogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja, na nikaamini kabisa kwamba nikijigeuza nitamponda. Nilikaa kitako, nikaikalia mikono yangu ili isimguse, nikaanza kupiga kelele. Baba alipofika mlangoni nilimlilia asiingie, kwa sababu mlango ule niliuona mdogo mno na niliogopa atakwama. Sauti yake ilikuwa inanijia kwa kishindo, ilhali yeye alikuwa mbali sana. Nilijua ni baba na nilijua nipo kitandani, na kujua huko hakukunisaidia hata kidogo.

Jiwe la Pembeni
Je, baba aliingia au hakuingia?

Mjukuu wa Mwisho
Hilo ni jinamizi la kawaida, wala halihitaji maelezo marefu.

Tabibu wa Zamani
Ndugu Mjukuu, si jinamizi. Anayekabwa na jinamizi huzinduka akiwa hawezi kusogeza kiungo, kwa sababu katika usingizi wa ndoto misuli hulegezwa na wakati mwingine akili hutangulia kuamka. Bundi alikuwa ameketi, anaongea na kupiga kelele. Anachokieleza kina jina: mwaka 1955 daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Todd, alikiita ugonjwa wa Alice, kwa kumfuata yule msichana wa hadithi ya "Alice in Wonderland" anayerefuka na kufupika. Macho huwa mazima. Kinachoyumba kwa muda ni namna ubongo unavyokadiria ukubwa na umbali. Huwapata zaidi watoto, mara nyingi kwa dakika chache tu, na huambatana na kipandauso katika ukoo, homa, au maambukizi kama ya virusi vya Epstein-Barr. Wengi huachwa nacho wakikua.

Mjukuu wa Mwisho
Siku hizi kila kitu ni ugonjwa. Mtoto akiota, ugonjwa, asipoota, ugonjwa.

Jiwe la Pembeni
Tafadhali mwacheni Bundi amalizie habari ya mlango.

Msomaji Kimya
Mimi sikuwahi kuona vitu vikisinyaa, ila nikishinda nacheza mchezo wa kupanga matofali kwenye kompyuta, usiku matofali yaliendelea kudondoka nikiwa nimefumba macho. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliocheza Tetris, mchezo wa namna hiyo hiyo, wakaona hayo hayo wakisinzia, wakiwemo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu ambao hawakukumbuka hata kama waliwahi kuucheza. Kwa hiyo, Mama Pacha, chunguza mtoto anatazama nini jioni.

Kunguru Mweupe
Mwache alale na taa ndogo. Giza ndilo linalompa ubongo kazi ya kubuni.

Tunu
Mimi napinga hoja ya taa, kwa sababu kwa mwanangu taa ndiyo iliyompa ukuta wa kuutazama ukikimbia. Tulipoizima kabisa akatulia. Na wewe Kunguru, acha kuwafundisha watoto kubonyeza macho.

Kunguru Mweupe
Hata mwanasayansi Isaac Newton alijisukuma sindano butu kando ya jicho ili aone miduara ya rangi, na hakupofuka.

Tabibu wa Zamani
Kwamba alinusurika si ruhusa. Mkandamizo huisisimua retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ubongo husoma kila taarifa ya jicho kuwa ni mwanga, ndiyo maana ukibonyeza upande wa sikioni duara hutokea upande wa puani. Kuyabonyeza mara kwa mara kunaweza kuyadhuru macho. Mama Pacha, kinachotakiwa kukupeleka hospitali upesi ni mtoto kupotewa na fahamu, kutetemeka viungo, kukodoa macho bila kujibu, kuumwa kichwa sana au kuona vibaya mchana. Hata yasipokuwepo hayo, hali ikijirudia mweleze daktari, naye atakuuliza kuhusu kipandauso katika familia.

Bundi wa Zamu
Baba aliingia kwa magoti. Aliinama, akapita mlangoni akitambaa, akaniambia, "Umeona? Nimeenea." Mama yangu anasumbuliwa na kipandauso hadi leo, na hakuna aliyewahi kuviunganisha viwili hivyo.

Jiwe la Pembeni
Nimeridhika. Sasa endeleeni kugombania taa.

Mama Pacha
Nawashukuru wote. Kipandauso ninacho mimi mwenyewe, hivyo nitampeleka mtoto na nitaandika saa na muda kila hali inapomjia. Ila pacha wake amesikia mazungumzo yetu na tangu jana ukuta wa upande wake nao umeanza kwenda mbali, na ukuta huo hutulia mara tu anapohamishiwa kitandani kwangu.