Naomba ushauri: uchaguzi wa 2027 nikiwa Muscat

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, niko Muscat kikazi. Agosti 2022 nilikesha nikifungua fomu 34A (fomu za matokeo ya kila kituo) kwenye tovuti ya IEBC, tume yetu ya uchaguzi, najumlisha kura za vituo mwenyewe, huku kila televisheni ikitoa hesabu yake. Raha ilioje! Kisha Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kutangazia matokeo: vurugu jukwaani, makamishna wanne wa tume wakajitenga na matokeo, Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49. Kesho yake kazini sikuwa na hata mtu mmoja wa kuzungumza naye. Upweke ule uliniuma kuliko matokeo yenyewe.

Oman hatukuwa na kituo cha kupigia kura. Nimeandikishwa Kisauni, Mombasa. Je, 2027 nifunge safari nikapige kura, au hapa kuna Wakenya wanaokusanyika kufuatilia pamoja? Likizo niombe lini?