Simulesheni za sakiti: mwahifadhi vipi maelezo ya kila matokeo ili ripoti iweze kurudiwa?

fundi_likoni
Salaam wakuu. Swali kwenu mnaotumia ngspice na LTspice, zile programu za kuigiza sakiti kwa kompyuta. Twatengeneza chaja ya sola ya betri ya 12 V, sasa ile grafu ya ripo ya volti (ule mtikisiko mdogo wa volti) tuliyoweka kwa ripoti mwezi uliopita mwenzangu kaiendesha upya kwa laptopu yake, sakiti ni ile ile, jibu halilingani. Tofauti si kubwa lakini mteja akiuliza ipi ndo ya kweli tutamjibu nini? Picha ipo, namba ipo, zilitoka kwa seting gani hakuna ajuaye. Nataka kila matokeo yawe na metadata yake, yaani maelezo ya vile yalivyopatikana, kando, ila niandike nini hasa na niiweke wapi? Kwa jina la faili? Excel?

bint_tudor
Waalaikum salaam. Jina la faili achana nalo, wiki mbili tu utakuwa na chaja_final2_mpya na hakuna anayeielewa. Excel nayo ni ya kujaza kwa mkono, siku ya haraka haijazwi. Mashine yenyewe iandike. Mimi nna skripti ya Python inayoita `ngspice -b -r matokeo.raw -o matokeo.log chaja.cir`, ikimaliza tu yaandika faili ya JSON (maandishi yaliyopangwa, mashine yaweza kuyasoma) kwa foldari hiyo hiyo: toleo la ngspice, tarehe na saa, hashi ya komiti ya git (kitambulisho cha toleo la faili lililohifadhiwa), na sha256 (alama ya faili, herufi moja ikibadilika nayo yabadilika) ya netlisti, ile faili inayoeleza sakiti, pamoja na kila faili ya modeli (namba za tabia ya kifaa) iliyoitwa kwa .include au .lib. Na kama kuna mabadiliko hayajakomitiwa, skripti yagoma kabisa.

Hizo modeli tafadhali usizipuuze. Mtu apakua modeli mpya ya MOSFET (transista ya kuwasha na kuzima), jina ni lile lile, ndani namba zimebadilika, na sakiti ukiitazama huoni kitu. Kichwa cha .raw, faili ya matokeo, chakupa Title, Date, Plotname, idadi ya variabo na pointi, lakini modeli ilikuwa ipi hakikwambii.

mzee_wa_volti
Bint_tudor kasema kweli, mimi naongeza tu kwamba mrekodi hata vile msivyovigusa. Joto usipolitaja SPICE, yaani simuleta yenyewe, yachukua 27 °C, na hilo boksi lenu likikaa chini ya mabati Kisauni mwezi wa pili saa nane mchana ndani si 27 hata kidogo, na MOSFET ikipata moto ukinzani wake wapanda. Reltol (kosa ambalo simuleta yalikubali) usipoigusa ni 0.001. Kama kuna Monte Carlo (kurudia simulesheni kwa thamani za kubahatisha), andika sidi, namba inayoanzisha huko kubahatisha, bila hiyo haurudii kitu.

Ila kwa hiyo ripo yenu mimi ningeanza na .tran, amri ya simulesheni ya muda. Namba ya nne, tmax, ndo kikomo cha hatua ya muda, na kwa sakiti inayowasha na kuzima kwa kasi mmoja akiiweka na mwengine akaiachia simuleta ijichagulie, vilele havitalingana. Na ukiwa kwa LTspice, yenyewe hubana data ya grafu inapohifadhi, weka `.options plotwinsize=0`.

fundi_likoni
Shukran sana mzee, nimefungua netlisti zote mbili na kweli ya mwenzangu haina tmax. Sasa hapa: hiyo JSON ikikaa kwa foldari halafu grafu ikabandikwa kwa Word, si vimeshaachana?

bint_tudor
Ndo maana hatubandiki skrinshoti. Skripti isome .raw na JSON, ichore grafu yenyewe, na chini ya grafu ichape toleo, joto, tmax na herufi nane za kwanza za hashi ya komiti, kwa maandishi madogo lakini yasomeke. Matplotlib yaweza kuficha metadata ndani ya PNG pia, kwa `savefig`, fanya ukitaka, ila usiitegemee peke yake maana picha ikishapita WhatsApp imebanwa na hayo ya ndani yamepotea. Yaliyochapwa kwa picha yabaki, na mteja akiwa na hizo herufi nane mkononi waenda moja kwa moja kwa komiti yenyewe.