Tupeane uzoefu: sabuni ya maji ya kufulia, kwa mizani na si kwa vijiko

Ndoo Ishirini

Wakuu, mapishi ya sabuni ya maji yanayozunguka kwenye simu karibu yote yanasema "salfoniki lita moja, magadi vijiko kumi". Kijiko cha nani? Kijiko kilichojaa kichuguu kinaweza kubeba mara mbili ya kilichosawazishwa, na hapo ndipo mikono ya watu inapobabuka. Uzi huu ni wa vipimo: gramu, lita, kipi kinatangulia, na kilichoharibika kimeharibika kwa nini. Habari za mtaji na wateja zina mahali pake.

Naanza na ndoo ya lita 20. Salfoniki (asidi nzito ya kahawia inayotengenezewa sabuni) kilo 1. Slesi (SLES, jeli ya kutoa povu) kilo 1 (Kenya utaisikia kwa jina la Ungarol). Magadi soda (soda ash), yale meupe ya unga, gramu 170. CDE (kikoleza povu na uzito) gramu 200. Chumvi laini gramu 500, na si lazima iishe. Manukato mililita 30. Rangi ncha ya kijiko cha chai, maana ikizidi itahamia kwenye mashuka meupe.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, weka slesi kwenye maji lita 4, funika, iache. Asubuhi yeyusha magadi kwenye maji ya uvuguvugu lita 2, na chumvi kwenye lita 2 nyingine, kila kimoja chombo chake. Chombo kikubwa cha plastiki, si bati wala alumini, kiwe na uwezo wa lita 40 hata kama unatengeneza 20. Tia maji lita 10, kisha mimina salfoniki kidogo kidogo huku unakoroga kwa mwiko wa mti. Asidi ndiyo inayoyafuata maji. Usiweke salfoniki kwanza ukaimwagia maji juu. Glavu na miwani tangu mwanzo.

Ikishayeyuka, ingiza maji ya magadi kikombe baada ya kikombe. Povu litapanda kwa fujo, ndiyo sababu ya chombo kikubwa. Likitulia, tia slesi iliyolala, halafu CDE, manukato na rangi. Chumvi inafunga kazi.

Mkemia wa Uani

Niwape hesabu ya hizo gramu 170, ili anayebadilisha vipimo ajue anachogusa.

Salfoniki ya madukani kwa kawaida ni ya asilimia 96. Kilo moja inahitaji takriban gramu 170 za magadi soda safi kuua asidi yote, au takriban gramu 127 za kostiki soda. Ukitumia salfoniki nusu kilo, magadi yanashuka hadi gramu 85. Slesi haiingii kwenye hesabu hii, yenyewe haina asidi ya kuuliwa. Ukiongeza slesi usiongeze magadi.

Magadi yakipungua, asidi inabaki: mikono inawasha, pamba inadhoofika kidogo kidogo, na slesi yenyewe inavunjika ndani ya galoni. Sabuni iliyokuwa nzito wiki ya kwanza ikawa maji mwezi wa pili, mara nyingi tatizo lilianzia hapa na si kwenye chumvi. Magadi yakizidi, ngozi inakauka na kupasuka, na sabuni inaweza kupoteza uangavu wake.

Pima kwa karatasi ya pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni asidi, juu yake magadi), ile ya rangi nyingi. Sabuni ya kufulia kwa mikono iwe kati ya 7 na 8, ikifika 9 bado inavumilika. Ila usipime povu likiwa bado linachemka: ile hewa iliyonaswa ndani inaifanya sabuni isomeke chachu kuliko ilivyo. Subiri nusu saa.

Bi Choya

Kwa asiye na karatasi: chemsha kiganja cha choya kavu (rozela) kwenye kikombe cha maji mpaka iive nyekundu. Kwenye kisosi cheupe weka kijiko cha sabuni, dondoshea tone MOJA la choya. Likibaki jekundu la kung'aa, asidi ipo. Likigeuka kijani, magadi yamezidi. Unachotafuta ni zambarau iliyofifia, kama maji ya kuosha kitenge. Usigeuze ukatia sabuni kwenye choya nyingi, kwa kuwa choya nayo ni chachu na itakudanganya.

Ndoo Ishirini

Hiyo ya choya ni nzuri kwa kukagua, ila karatasi inabaki mfalme.

Msambweni

Huku kwetu hatulazi usiku. Ungarol inatiwa kwenye beseni, chumvi inanyunyizwa juu, unasugua kwa mwiko mpaka igeuke nyeupe kama uji wa sembe, ndipo maji yanaingia kidogo kidogo. Dakika ishirini kazi imekwisha.

Mkemia wa Uani

Njia zote mbili ni sahihi, na sababu ni moja. Slesi inayouzwa ni ya asilimia 70, laini kama jeli ya nywele. Ukiiongezea maji kidogo haiyeyuki, inakaza. Kati ya asilimia 60 na 30 inakuwa donge gumu ambalo mwiko unasimama wenyewe. Anayemimina maji kidogo huku anapambana anakesha hapo. Ukiiweka kwenye maji mengi kwa mkupuo na kuiacha, inalipita donge polepole bila wewe. Ukiisugua na chumvi, chumvi inavunja lile donge.

Sharti la njia ya Msambweni: chumvi uliyosugulia ihesabiwe. Ukitumia gramu 300 pale mwanzo, kwenye ndoo hii zimebaki 200 tu za kumalizia. Wengi wanasahau, wanatia nusu kilo nyingine, sabuni inakatika.

Na ile imani kwamba lazima ukoroge upande mmoja tu, jamani, haina kazi. Koroga upande wowote, cha muhimu ni taratibu. Mwendo wa kasi unaingiza hewa, na sabuni iliyojaa hewa utaidhania nzito.

Fundi wa Chumvi

Hapa ndipo ndoo nyingi zinapofia, ngoja niende polepole.

Chumvi inakaza sabuni hadi kileleni, halafu ikipita kilele inailegeza. Kadiri unavyoongeza baada ya hapo ndivyo inavyozidi kuwa maji, na mwisho inajikata: utando mzito juu, maji ya rangi chini. Mtu akiona inalegea anadhani chumvi haijatosha. Anaongeza. Basi.

Gramu 500 kwenye lita 2 za maji zinakupa takriban gramu 60 kwa kila kikombe cha robo lita. Tia kikombe kimoja, koroga dakika mbili, inua mwiko juu ya ndoo uangalie. Mwanzo sabuni inadondoka matone matone kama maji. Baadaye inashuka kwa uzi unaokatika. Ikifika mahali uzi unateremka bila kukatika, unajikunja kidogo juu ya sabuni kabla ya kuzama, simama hapo hapo, hata kama kwenye jagi bado kuna lita nzima ya maji ya chumvi. Ukisubiri igande kama asali ya baridi umekaribia ukingo.

Mambo matatu yanayobadilisha kiasi cha chumvi:

Maji. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi tayari, unaweza kusimama kikombe cha tatu. Mapishi ya mtu wa Mbeya usiyanakili Kigamboni.

Joto. Sabuni hii inalegea juani na kukaza kwenye ubaridi. Ukiikaza saa nane mchana, kesho alfajiri utakuta imekuwa nzito zaidi. Fanya kazi asubuhi.

Manukato. Baadhi yanalegeza, baadhi yanakaza, ndiyo maana Ndoo Ishirini ameyatia kabla ya chumvi. Ukimaliza chumvi ndipo unatia manukato, umeanza kazi upya.

Dodoma Kavu

Wa maji magumu tusikilizane. Kwenye visima vingi vya Dodoma na Singida sabuni inakosa povu, na watu wanaongeza slesi, hela inapotea. Kinachokula sabuni ni chokaa iliyomo kwenye maji. Magadi yanaikamata na kuizamisha.

Lakini msiyatie magadi ya ziada ndani ya galoni la sabuni. Yanapandisha pH, na yenyewe ni chumvi pia, yanasogeza kilele alichosema Fundi. Yaweke kwenye maji ya kufulia: kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo ya lita 20, koroga, acha robo saa, kisha sabuni. Hapa kijiko ninakiruhusu. Nguo za sufu na hariri zisiguswe na maji hayo.

Mama Duka la Rejareja

Magadi ya kupikia maharage je? Yale mawe ya kijivu.

Mkemia wa Uani

Dada, yale ni magadi ghafi, jamii ya yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya: nusu magadi soda, nusu bikaboneti, na maji ndani yake. Yakiwa masafi kabisa, panapotaka gramu 170 za magadi soda yatatakiwa gramu 240, na povu lake ni kali zaidi. Tatizo ni kwamba si masafi, yana mchanga na udongo ambao haujulikani ni kiasi gani. Ukilazimika, yayeyushe, yachuje kwa kitambaa, tia polepole ukipima pH, usitegemee mizani. Kwa bei ya magadi soda sioni sababu.

Galoni Tupu

Fomalini, ile dawa ya kuzuia sabuni isioze, mmeiruka makusudi?

Ndoo Ishirini

Makusudi. Ndoo ya kufulia nyumbani ikiisha ndani ya wiki tatu nne haihitaji. Chemsha maji, yapoe, osha magaloni vizuri, inatosha.

Mkemia wa Uani

Ya kukaa miezi inahitaji kihifadhi, vinginevyo inatoa harufu ya yai viza na kuota madoa meusi mdomoni mwa galoni. Fomalini inafanya kazi, mililita 20 kwa lita 20 zinatosha, lakini mvuke wake unajulikana kusababisha saratani. Kuimimina ndani ya chumba kilichofungwa huku watoto wanacheza pembeni ni upuuzi. Vihifadhi vya vipodozi vya jamii ya isothiazolinoni vinatumika kidogo sana na havina mvuke huo. Fuata kipimo cha muuzaji, maana vikizidi vinaleta mzio. Benzoeti ya kwenye juisi usihangaike nayo: inafanya kazi kwenye vitu vichachu tu, kwenye sabuni ya pH 8 ni kama haipo.

Na jiki isichanganywe humu kamwe. Ikikutana na asidi iliyobaki inatoa gesi ya klorini.

Mwisho wa Reli

Mmesahau sabuni ya mche, na Kigoma tuna mawese. Kwa kilo 5 za mafuta: mawese kilo 3.5, mafuta ya nazi kilo 1.5, kostiki soda gramu 750, maji lita 1.6. Kostiki ndani ya maji, nje penye upepo, si maji juu ya kostiki. Sufuria ya alumini hapana, kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Subiri mafuta na maji ya kostiki vyote viwe vuguvugu, nyuzi 40 hadi 45, changanya, koroga mpaka mwiko ukipita uache mstari usiofutika. Mimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni. Kata kesho yake, kausha kivulini wiki nne hadi sita.

Mawese peke yake yanatoa mche mgumu wenye povu la uvivu. Nazi ndiyo inayoleta povu, na sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Ila kila mafuta yana kostiki yake: mawese gramu 142 kwa kilo, nazi 183. Ukibadilisha mafuta bila kubadilisha kostiki, ama mche utatokwa jasho la mafuta ama utachoma mikono. Kostiki iliyoachwa wazi ikanyonya unyevu na kuwa mabonge, mizani inakudanganya nayo, nunua mpya.

Galoni Tupu

Na ndoo ambayo tayari imejikata kwa chumvi, inamwagwa?

Fundi wa Chumvi

Haimwagwi. Usiongeze chochote kwanza, toa lita moja ya kujaribia, ukiwa umeikoroga ndoo yote ichanganyike. Tia maji nusu kikombe, koroga, subiri dakika tano. Ikianza kushikana, fanya hivyo hivyo kwa ndoo nzima kwa uwiano huo huo. Ikishikana lakini ikawa nyepesi mno, laza slesi gramu 200 kwenye maji lita 2 usiku mzima, kesho uiingize kikombe kikombe. Utaishia na lita 22 na nusu hadi karibu 25 badala ya 20, tayarisha magaloni.