Je, kinachokuza uchumi ni chanzo cha umeme au ni namna kilivyogharimiwa?

Mwanafunzi wa uchumi, Dodoma

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaandika tasnifu kuhusu mchango wa vyanzo vya nishati na upatikanaji wa fedha katika ukuaji wa uchumi wa Tanzania na Kenya. Maandishi mengi ninayosoma huvitenganisha viwili hivi: sura moja ni ya maji, gesi na upepo, nyingine ni ya mabenki na mikopo. Hata hivyo, nikilitazama Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye megawati 2,115 na lililogharimiwa na Serikali, kisha nikautazama mradi wa upepo wa Turkana, Kenya, wenye megawati 310 na uliojengwa na wawekezaji binafsi kwa mikopo, naona tofauti kubwa zaidi imo katika mikataba. Je, ni sahihi kuvichambua kwa pamoja?

Mhandisi mstaafu, Tanga

Ni sahihi, na sababu yake imo ndani ya mitambo yenyewe. Jenereta la dizeli hununuliwa kwa bei nafuu lakini hula fedha kila linapowashwa. Bwawa, kisima cha jotoardhi (mvuke wa joto la ardhini) na mtambo wa upepo hudai karibu fedha zote kabla uniti ya kwanza haijauzwa. Kwa hiyo riba ikipanda, umeme wa upepo huathirika kuliko wa dizeli, ingawa upepo wenyewe haununuliwi.

Jotoardhi lina ugumu wa ziada, kwa kuwa kisima kinaweza kuchimbwa kwa gharama kubwa kisha kisitoe mvuke wa kutosha, na benki za biashara hukwepa hatua hiyo. Ndiyo maana mwaka 2008 Kenya iliunda kampuni ya umma, GDC, ili ibebe hasara ya visima vitakavyoshindwa. Usidhani pia kwamba fedha za Hazina ni za bure: shilingi iliyokwenda Rufiji haikwenda kwenye nguzo na transfoma za vijijini.

Mhasibu, Nairobi

Naongeza suala la sarafu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Mteja hulipa bili kwa shilingi, ilhali mikataba mingi na wazalishaji binafsi hapa Kenya ni ya dola au yuro. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Mtambo ule ule, kwa mkataba ule ule, ukawa mzigo mkubwa zaidi kwa mwenye kiwanda.

Turkana inafundisha jambo jingine. Mashine zake 365 zilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi kituo cha Suswa, kwenye gridi ya taifa, ilikamilika mwaka 2018, na mkataba ulitaka wawekezaji wafidiwe kwa ucheleweshaji huo. Linganisha na mwaka 2009, KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, ilipouza hatifungani (hati za kukopa kwa umma) kwa shilingi na kupata takriban bilioni 25, zaidi ya ilizokuwa imeomba. Akiba ya ndani ipo, na deni la shilingi haliongezeki kwa sababu dola imepanda.

Mwenye mashine ya kusaga, Njombe

Wakubwa zangu mmezungumzia wazalishaji. Naomba mtutazame na sisi watumiaji. Umeme ulipofika kijijini kwetu nililipa shilingi 27,000, taa zikawaka, lakini niliendelea kusaga kwa dizeli kwa miaka miwili. Mota ilihitaji umeme wa njia tatu, ule wa kuendeshea mashine kubwa, pamoja na mtaji, na benki niliyoiendea ilitaka hati ya nyumba, ambayo wengi wetu hatuna. Hatimaye kikundi chetu cha kuweka na kukopa ndicho kilichonikopesha. Leo nimeajiri vijana wawili, na bei ya kusaga debe moja imeshuka. Waya ulikuwa mlangoni muda wote huo.

Mwanafunzi wa uchumi, Dodoma

Nashukuru sana. Nitaongeza hesabu ya wateja wa njia tatu na ya mikopo ya vikundi, kwani idadi ya nyumba zilizounganishwa pekee ingenipotosha. Mkopo wenu ulikuwa wa muda gani?

Mwenye mashine ya kusaga, Njombe

Misimu miwili ya mavuno, na marejesho yalikuwa baada ya mahindi kuuzwa, si kila mwezi.